Mbuzi Wasio na Vivuli

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mbuzi wetu hawakuwa na vivuli.

Ilikuwa mwezi wa kumi, saa mbili asubuhi, kwetu karibu na Mukuyuni. Wingu la kijivu lilikuwa limefunika mbingu yote kama blanketi. Manyunyu yalilowesha majani. Ilipofika saa nne, vivuli vilirudi. Kila mbuzi alipata chake, na jua likawaka kama jana na juzi.

Sikumwambia mtu. Niliacha shule darasa la sita, na nyumbani wasemaji ni wengine.

Niliporudisha mbuzi, baba yangu, Kitheka, alikuwa ameingia kutoka sokoni.

"Mwongeli!" alimwita mama. "Toa ndengu. Tunapanda leo."

"Leo? Umeota?"

"Nimepita kwa geti ya Mama Haroun. Ubao wake umeandikwa nane kwa nane! Hakuna mtoto wa hii nyumba amewahi kupata maksi zote. Mvua imepita mtihani!"

Mama alicheka, lakini hakuinuka. Mbegu zilikuwa kwenye mtungi wa plastiki chini ya kitanda, na hatukuwa na nyingine. Msimu wa mwaka uliopita tulipanda baada ya manyunyu kama haya. Ndengu zikaota, zikakosa maji, zikakauka. Mvua yenyewe ilipokuja, mbegu zilikuwa zimeisha. Hizi za mtungi tulipewa na shangazi.

"Ndila, leta jembe," baba akasema.

"Liko kwa Mama Haroun."

"Si uende basi! Ama unangoja likuje lenyewe?"

Mama Haroun ni jirani yetu, Salama. Anauza nguo sokoni. Kila siku saa tatu asubuhi anapima mvua na kuangalia mawingu, kisha anaandika namba kwenye ubao wa getini na kutuma habari kwa simu kwa watu wa hali ya hewa.

Nilimkuta uani. Nilichukua jembe, nikasimama tu.

"Sema, Ndila. Sing'ati," akasema.

"Ile nane ni ya nini?"

Alinionyesha kioo kilicholala chini. Alikuwa amekichora mistari, kama chapati iliyokatwa vipande vinane.

"Angalia mbingu humu ndani. Vipande vingapi vina wingu?"

"Viwili."

"Saa tatu vilikuwa vyote vinane, ndiyo nikaandika nane. Hiyo ni kusema mbingu imefunikwa yote. Haisemi mvua itanyesha."

"Baba anasema ni maksi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akanieleza polepole. Wingu la asubuhi huwa chini, na ni jembamba. Jua likipasha ardhi joto, wingu hilo linapasuka. Wingu la mvua kubwa hupanda juu sana, kama maziwa yanayochemka, mara nyingi mchana. Lakini hata hilo linaweza kunyesha kwa wengine, likatuacha.

"Mimi naona kutoka chini," akasema. "Setilaiti inaona kutoka juu. Wataalamu wanaunganisha hizo habari na upepo na joto, ndipo tunasikia utabiri kwa redio. Na daftari za miaka mingi zinawaonyesha kama mawingu na mvua vinabadilika."

Nikauliza, "Ndiyo maana vivuli vya mbuzi vinarudi saa nne?"

Aliniangalia. "Nani amekwambia hivyo?"

"Nimeona. Siku nne sasa."

"Ndila, hiyo ndiyo kazi yangu! Kuangalia kila siku, na kuandika."

Alichukua jembe mkononi mwangu, tukaenda pamoja.

"Kwa hivyo mvua imefeli?" baba aliuliza, baada ya kuelezwa.

"Haijafanya mtihani bado, Baba Ndila."

Salama alichimba shambani. Juu udongo ulikuwa umelowa, kina cha ukucha. Chini yake lilikuwa vumbi.

"Mvua hii inadanganya mbegu," akasema. "Inaiamsha, halafu inainyima maji. Redio imesema mvua itaanza mwezi wa kumi na moja. Ngojeni. Ikinyesha, chimbeni. Udongo ukilowa mpaka urefu wa kiganja, pandeni."

Baba alitazama vumbi. Kisha mtungi aliokuwa ameshautoa akaurudisha chini ya kitanda, yeye mwenyewe.

Tulingoja wiki tatu. Majirani wawili walipanda, na baba akawa anazunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kisha mchana mmoja mawingu yakapanda juu, meupe, yakawa meusi chini. Ilinyesha siku mbili. Baba alichimba, akaweka kiganja shimoni, akaniita nione. Udongo ulikuwa umelowa mpaka ncha za vidole. Tukapanda.

Mwezi wa kwanza tulivuna. Tulikaa kwenye turubai, tukipiga maganda kwa fimbo, na ndengu za kijani ziliruka mpaka kwenye magoti ya mama.

"Hii sasa ndiyo nane kwa nane," baba akasema.

Tangu siku tulipopanda, Salama akienda soko la Kabati kununua nguo za kuuza, mimi ndiye naangalia kioo na kuandika ubaoni. Namba zangu watu wanazisoma. Labda ndiyo sababu siku ile ya kupiga maganda niliweza kusema. Niliweka fimbo chini.

"Baba, msimu ule ndengu zetu zilikauka, vivuli vya mbuzi vilikuwa vinarudi saa nne kila siku. Niliviona. Nikanyamaza."