Wathibitishaji Wawili

Kile kitu kwenye skrini hakikuwa na mwenyewe. Elinipa alikikuta Jumatatu asubuhi, katikati ya setelaiti ya kijeshi ya taifa moja kubwa na ile ya hasimu wake, kimetulia kama mgeni aliyejikaribisha. Hakikuwamo kwenye orodha yoyote. Kila taifa lilidai ni silaha ya mwenzake.

Kituo chao kilikuwa juu ya Usa River, pale migomba inapoishia na msitu wa Meru unapoanza. Nchi ndogo ndogo zilichanga kukijenga ili wakubwa wakigombana huko angani, awepo wa kusema nani kaanza. Sharti lilikuwa moja: taarifa ya shambulio haitoki mpaka wahandisi wawili waithibitishe kwa redio, kila mmoja kwa sauti yake. Ikitoka, mataifa yale yanapigana. Wawili hao walikuwa Elinipa, Mmeru wa papo hapo, na Loserian, Mwarusha mpole aliyekunywa naye chai miaka minne bila neno baya. Heri wangekuwa wagomvi. Wagomvi huambiana usoni.

Jumanne ikaja harufu, ya jiwe lililoungua. Mpishi wa kituo, mama wa Pangani, aliinusa akatua sufuria.

"Majini hupanda juu kusikiliza yasiyowahusu," alimnong'oneza Elinipa. "Hufukuzwa kwa vimondo. Huyu naona hajafukuzwa. Mkisikia jambo la mwenzenu, muulizeni mwenyewe."

"Mama, kile ni chuma tu," alisema Elinipa, msharika mzuri wa Kilutheri, akacheka.

Jumatano mchana ukungu ulishuka mpaka madirishani. Elinipa alivaa hedifoni akamsikia Loserian kwenye masafa ya kile kitu, ananong'ona, anataja namba za siri za kituo moja baada ya nyingine. Halafu akasema, "Huyu Mmeru hajui kitu. Niachieni mimi." Elinipa aligeuka. Loserian alikuwa meza ya pili, amempa mgongo, naye ana hedifoni masikioni na shingo imekakamaa.

"Unasikiliza nini?" Elinipa alimuuliza.

"Wewe je?"

Chai ya saa kumi kila mmoja aliinywa kwenye dirisha lake.

Tangu hapo kila kitasa alichogusa Elinipa alikikuta cha moto, na kila alipotoka kwenye chumba alisikia nyuma yake kiti kikivutwa, na ile harufu ikamfuata hadi nyumbani Sekei ikakaa kwenye nguo za wanawe, naye akawa anajiambia ni Loserian, ni Loserian tu, mtu anayeweza kuuza siri za kituo hashindwi kuingia nyumbani kwa mtu, mpaka akaketi akamwandikia Kanali Sironka, mkuu wa usalama, barua ya kumfunga mwenzake, akaisaini.

Ijumaa Kanali alifika na gari. Loserian alitolewa, akaingizwa kiti cha nyuma.

"Shikamoo, Kanali," alisema Elinipa.

"Marahaba. Na wewe panda."

"Mimi?"

"Barua zilikuwa mbili, mama. Yeye alikusikia wewe ukitaja namba zilezile, saa ileile."

Waliteremka mlima wamebanana bega kwa bega. Walikuwa wameshapita mashamba ya kahawa Loserian aliposema, polepole, "Uliniita mjinga wa Kiarusha."

"Sijawahi, Loserian. Wewe ulisema Mmeru hajui kitu."

"Wala mimi sijawahi."

Aibu ilimshika Elinipa. Miaka minne ya chai, na alishindwa kumuuliza swali moja. Kisha hofu ikaisukuma aibu pembeni.

"Kanali, nani amebaki kwenye mitambo?"

"Hakuna mtu. Mpishi nimemruhusu, mlango nimeufunga mwenyewe." Alipapasa mfukoni, funguo zikalia.

Redio ya gari ikakwaruza.

"Kituo hapa," ilisema sauti ya Loserian, kavu, ya kikazi. "Setelaiti imeshambuliwa. Nathibitisha."

Loserian alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kanali alikanyaga breki, akaanza kugeuza gari kwenye ile njia nyembamba, matairi yanateleza kwenye tope, na Elinipa akainama mbele akiomba kimyakimya kwamba sauti ya pili isije. Redioni mwanamke alikohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kusoma.

"Nami nathibitisha," ilisema sauti ya Elinipa.