Nukta Nyekundu

Lori liliacha njia saa nne asubuhi, katikati ya tufani ya vumbi, na dereva hakukanyaga breki. Hilo ndilo lililomkaa mtafiti rohoni: mawe yakigonga chini ya sakafu, kichwa chake kikigonga kioo, na breki kimya. Walitumbukia korongoni pua mbele. Rejeta ikapasuka, na mchanga ukayanywa maji yake hata milango haijafunguliwa.

"Vumbi, dada," alisema dereva. "Sikuona njia."

Kwa miezi miwili mtafiti alikuwa akipima wepesi wa madereva wa masafa marefu na utingo wao kwa simu. Simu ikilia, mara tatu kwa siku, unangoja nukta nyekundu itokee kwenye kioo, unaibonyeza papo hapo. Mtandao ukiwepo, takwimu huenda zenyewe mjini, kwa wakubwa ambao hawajawahi kukanyaga jangwani. Safari hii alipanda lori ili amwone bingwa wa madereva kwenye orodha, huyu ambaye wenzake walimwita Macho. Milisekunde mia mbili na arobaini, asubuhi hata jioni, na sekunde nzima ina elfu moja. Mtu mwepesi hivyo anakosaje breki?

Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa utingo, mtu mzima mwenye mvi, kaka wa mke wa Macho, na njia nzima ilimjua kwa jina la Shemeji. Mlango ulikuwa umemchana kidole gumba cha kulia hadi mfupa ukaonekana. Mtafiti alikisafisha kwa maji ya kifuniko kimoja, akakifunga kwa kipande cha shati.

"Maji yamebaki mangapi?" Shemeji aliuliza, meno yameumana.

"Nusu dumu."

"Siku tatu basi, tukijibana."

Mtandao haukuwepo. Njia ilikuwa mbali juu ya ukingo, na gari lilipita moja kwa siku, likipenda. Ilibidi mtu akae juu ya lori na kioo cha pembeni, amulike jua kila aonapo vumbi. Mtafiti akapanga zamu kwa kufuata kitu alichokiamini kuliko watu, yaani orodha yake. Macho akapewa mchana.

Na vipimo vikaendelea! Simu zilichajiwa kwa betri ya lori, maana mtafiti hakutaka pengo kwenye takwimu, hata kama kifo kinabisha hodi. Watu wa takwimu nao wana wazimu wao.

Kila simu zilipolia, wale wawili walizunguka pamoja nyuma ya lori, na dumu lilikuwa huko huko kivulini. Mtafiti akaingiwa na shaka. Alichora mstari wa kalamu kwenye usawa wa maji, akaona haya, lakini hakuufuta. Walipotoka, akaenda kuangalia. Maji yalikuwa palepale. Badala ya kutulia akazidi kushuku. Kama hawaibi maji, wanafanya nini huko?

Siku ya pili, saa nane mchana, mngurumo wa injini ulimwamsha mtafiti chini ya lori. Alipanda ukingo kwa mikono na magoti, akaona mkia wa vumbi ukiyoyoma. Alipogeuka, Macho alikuwa ameketi juu ya lori, kioo mapajani, kidevu kifuani.

"Macho!"

Akashtuka. "Nipo, dada. Hakuna kilichopita."

Vumbi lilikuwa bado linaelea angani. Mtafiti alitamani kumrushia jiwe. Akazichukua simu zao bila kuomba ruhusa, akapekua. Kabla ya ajali: Macho mia mbili na arobaini, Shemeji mia mbili thelathini na nane. Baada ya ajali: mia nne na kumi na mbili, mia nne na tisa. Walikuwa wameporomoka pamoja kama mapacha. Mikono ya Macho haikuwa na hata mkwaruzo. Akakitazama kidole cha Shemeji.

"Ulikuwa ukimbonyezea."

"Tangu siku ya kwanza ya vipimo," Shemeji alisema. "Sasa natumia mkono wa kushoto. Na usitukodolee macho, dada. Nani alisema mtu afanye mahali palipotulia, asitazamwe?"

Yeye ndiye aliyesema. Ndiyo kanuni aliyoifundisha kwa madaha, stendi hadi stendi.

Macho alishuka taratibu. "Usingizi hunikamata ghafla, mchana kweupe. Nina watoto wanne na kazi moja, na watu wanasema kampuni inazisoma namba zako. Jana si vumbi lililonikosesha njia. Nilikuwa nimelala."

"Na leo ungetuua mara ya pili ili siri ikae!"

Macho alilia, na mtafiti, kwa hasira ile ile, akalia pia.

Kisha akawapima hapo hapo, wakitazamana. Yeye mwenyewe mia tatu themanini. Shemeji mia nne na tano. Macho mia tisa, na mara moja hakubonyeza kabisa. Orodha ikatupwa. Zamu zikawa fupi, na kila anayepanda alipimwa kwanza mbele ya wenzake. Macho aliomba kazi ya kumsemesha aliye juu asisinzie, naye aliifanya akiwa amesimama, maana akikaa tu, kwisha.

Siku ya tatu, funda la mwisho la maji walimpa Shemeji, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Saa tatu asubuhi vumbi likatokea. Kioo kikameta mkononi mwake wa kushoto, mara moja, mara kumi, huku Macho akipiga kelele kutoka chini, "Usiache! Usiache!" Vumbi likasimama, likageuka, likawa gari la mafundi wa barabara.

Ndani ya gari, baada ya mwendo wa saa moja, mtandao ukarudi na simu ya Macho ikalia. Shemeji, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

"Weka mkono chini, shem," alisema Macho.

Akabonyeza mwenyewe, watu wote wakimwangalia. Mia nane na sabini. Akamkabidhi mtafiti simu.

"Hii ndiyo yangu. Iache iende. Zile za nyuma andika ni za Shemeji."

Mtafiti alitaka kumuuliza kama ana hakika, lakini Macho alikuwa ameshalala.