Trai ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Foleni ya pai pale uwanja wa Ardale haina adabu. Ndipo Craig Entwistle, fundi seremala mwenye mabega kama mlango, alipomwagia mchuzi koti jekundu la Leanne, mtunza rekodi wa klabu yetu ya raga, na daftari lake la trai, yaani mabao ya kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari.

"Pole, mrembo! Nitalifua."

"Koti litafulika. Daftari je? Humu mna kila trai tangu enzi za babu yako."

"Babu yangu ni Walter Entwistle. Trai mia mbili na kumi na moja, mfungaji bora wa klabu."

Leanne akamtazama upya, kuanzia viatu. "Basi koti nimesamehe."

Wakawa wapenzi, na sisi wa jukwaa la kusini tukapata cha kusema msimu mzima.

Mchawi wa penzi lao alikuwa Tavita Leota, winga wetu wa Kisamoa mwenye mapaja ya magogo. Alikuwa amemfikia Walter. Bado moja tu ampite. Na Leanne, kwa kazi yake, alimhesabia kila hatua.

"Leo kakimbia mita mia na themanini na sita," alisema wakila chipsi.

"Mimi nimepanda ngazi mara arobaini. Mbona hunihesabu?"

"Nani alikuona? Kisicho na mashahidi wawili siandiki."

"Huyo unamshuhudia peke yako, macho yamekutoka!"

"Wivu huo utakuzeesha, mpenzi."

Ijumaa, Craig akiwa mlangoni kwa Leanne na vikombe viwili vya chai, akamsikia akisema simuni: "Hapana, Tavita, Craig hajui kitu. Asijue mpaka Jumapili. Umenifurahisha mno!"

Craig aliweka vikombe chini, akaondoka. Leanne alipiga simu mara kumi na tisa. Jibu lilikuja moja, la maandishi: *Mpigie winga wako.*

Jumapili Craig alikuja uwanjani hata hivyo. Entwistle hakosi mechi. Tavita akajirusha pembeni, mpira chini, trai! Jukwaa zima likasimama. Craig akabaki amekaa, kanuna kama mvua ya Novemba.

Kipaza sauti kikanguruma: "Trai ya mia mbili na kumi na mbili! Leota sasa yuko sawa na Walter Entwistle!"

Sawa?

Mtangazaji akaeleza. Mwaka 1957 jezi ya Walter ilichanika, akavaa ya mwenzake aliyetolewa kavunjika mkono. Mwandishi wa gazeti akafuata namba ya mgongoni; trai ya Walter akampa mtu aliyekuwa kitandani akifungwa bandeji! Leanne aligundua, akasaka mashahidi miezi minne. Tavita, aliyepokonywa taji la siku hiyo, aliulizwa mapema, akasema: "Cha mzee ni cha mzee."

Craig alishuka ngazi tatu tatu. Akamkuta Leanne kwenye foleni ya pai, koti jekundu, doa bado linaonekana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shahidi wa pili nimempata Alhamisi, na klabu ilikuwa haijakubali. Nikupe tumaini, halafu nikunyang'anye?"

"Nimekuwa mjinga."

"Mara kumi na tisa. Nimeandika."

Craig akapiga goti kwenye tope. "Leanne, nataka kukuoa."

"Mashahidi?"

Mama muuza pai akainua mwiko: "Mimi mmoja!"

Wachezaji walikuwa wakitoka kuamkia watu. Craig akameza mate, machungu yote yakashuka nayo.

"Tavita! Kaka, njoo hapa, tafadhali. Nakuhitaji."

Leanne akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli.