Ufunguo Wangu Ulipigwa Muhuri Jimu, Mama Akanyamaza Milele

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mke na mama wa watoto wawili. Nimezaliwa Itumbe, kwenye mashamba ya majani chai, lakini kazi yangu ya kuuza dawa dukani iko Kisii mjini. Naandika haya nikiwa na uchungu ambao sijui nitauweka wapi. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni tu.

Daktari aliniambia presha yangu imepanda na kwamba nisipopunguza mwili nitajuta. Basi nikajiunga na jimu moja ya mazoezi iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa naenda jioni baada ya kazi, naoga huko huko, kisha narudi nyumbani mtaani Nyanchwa.

Makabati ya kuwekea vitu yalikuwepo, ila hayakuwa na kufuli. Ukutani kulikuwa na tangazo kwamba kila mtu ajilindie mali yake. Wengi wetu tulirundika mikoba kwenye benchi na kuendelea na mazoezi. Siku moja nilitoka kuoga nikakuta raba zangu zimeenda. Nilirudi nyumbani na ndala za bafuni.

Hapo ndipo Vane alipoingia maishani mwangu.

Alikuwa dada mcheshi, rika langu, aliyesema anauza nguo mjini. Alikuwa na kabati lenye kufuli yake mwenyewe. Aliniambia, "Dada, usihangaike. Weka vitu vyako kwangu, tutafungia pamoja."

Nilimshukuru sana. Ningekataaje? Huyu ndiye aliyesimama nyuma ya kichwa changu nikilala kwenye benchi kuinua chuma, mikono yake ikiwa tayari kukidaka kisiniangukie kifuani. Mtu unayemwamini na kifua chako, utamnyima mkoba?

Tukawa marafiki. Tukipumzika tulipiga gumzo, nami nikamweleza kila kitu... kwamba mume wangu, Baba Duke, huendesha lori la ndizi hadi Nairobi na hulala safarini, kwamba watoto wako shule za bweni, kwamba nyumba yangu hushinda imefungwa hadi nirudi. Aliuliza kama mtu anayejali. Sikuona ubaya.

Mara kwa mara aliacha mazoezi akaenda kupokea simu. Jioni moja nilipofika nyumbani nikakuta ufunguo wa mlango una utando mweupe, unateleza. Nikadhani ni sabuni yangu ya kuogea imevuja mkobani. Nikaufuta kwa kanga... nikafungua mlango, nikapika.

Wiki iliyofuata mama yangu alikuja kutoka Itumbe kupimwa macho hospitalini. Aliingia asubuhi bila kunipigia simu, kama kawaida yake. Niliomba ruhusa kazini, nikamfungulia, nikamwachia chai na kumwambia apumzike hadi kesho nimpeleke. Nilipotaka kuacha mazoezi siku hiyo nirudi mapema, alikataa. Aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba presha haingojei wageni.

Vane hakuja jimu jioni hiyo. Nilifanya mazoezi peke yangu.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Kitasa kilikuwa kizima, hakuna mahali palipovunjwa. Runinga haikuwepo. Mtungi wa gesi, tarakilishi, hata mashuka yaliyokuwa sandukuni, vyote vimeenda. Nikaita mama. Nikapita chumba hadi chumba.

Nilimkuta sakafuni jikoni, damu imemgandia nyuma ya kichwa, kikombe kimevunjika kando yake. Alikuwa amesukumwa akagonga ukingo wa sinki.

Madaktari walimpasua kichwa, akaishi. Lakini upande wa kulia ulikufa, na ulimi haukurudi. Mama aliyechuma chai maisha yake yote hakuweza kushika kijiko. Macho yake yalikuwa yanaelewa kila kitu. Maneno ndiyo hayakutoka.

Balaa halikuishia hapo. Kwa kuwa mlango haukuvunjwa, kaka zangu waliuliza nani mwingine ana ufunguo. Jibu lilikuwa moja tu: Baba Duke. Walimwita Itumbe wakamhoji mbele ya wazee kama mwizi. Alirudi nyumbani. Aliniuliza jambo moja tu, "Na wewe pia unafikiria ni mimi?"

Nilichelewa kujibu. Kuchelewa kule... alihama chumba chetu.

Nani alinifariji siku hizo? Vane. Alikuja wodini na chupa ya uji wa wimbi, akapiga magoti kando ya kitanda akaomba. Alipoinua kikombe amnyweshe mama, mama alianza kutetemeka. Akakipiga kwa mkono wake wa kushoto, uji ukamwagika. Alinitazama mimi, akamtazama Vane, akanitazama tena, akitoa sauti kama ya mtu anayezibwa mdomo.

Nami nilifanya nini? Nilimkemea mama. Nilimwambia asiwaaibishe wageni wetu. Nikamwomba Vane msamaha, nikamsindikiza hadi kwenye lango. Niliporudi, mama alikuwa amegeukia ukuta, machozi yanashuka.

Baadaye dada mwingine wa jimu, mwalimu wa shule ya msingi, aliona utando wa sabuni kwenye ufunguo wake. Yeye hakuufuta. Alimweleza mwenye jimu, wakavizia, wakamfumania Vane katika chumba cha kubadilishia nguo akigandamiza ufunguo wa mtu kwenye kipande cha sabuni ya kufulia. Mwenzake, fundi wa funguo, ndiye aliyekuwa akichonga mfano wake.

Niliitwa kituoni. Vane hakukana. Alisema, "Dada, sikujua kuna mtu ndani. Nilifungua nikamkuta amesimama na kikombe. Aliniona uso."

Nikamuuliza, "Na ule uji ulikuwa wa nini?"

Alitazama chini. "Nilitaka kujua kama anaweza kuongea."

Nilitoka nje ya kituo. 

Nilikimbia hadi kwa mama, nikamshika mkono, nikamwambia sasa najua, anisamehe. Alifumba macho. Hadi leo sijui kama alinisamehe au alikuwa amechoka tu. Hakupona; tulimzika Itumbe msimu wa mvua. Kaka zangu walimwomba Baba Duke radhi kaburini, naye akapokea. Tunaishi nyumba moja, tumebadilisha vitasa vyote... lakini bado analala chumba kile kingine.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi, nunueni kufuli yenu wenyewe. Ufunguo wa nyumba ubaki mwilini mwako, ufunge kwenye kamba ya suruali kama huna mfuko. Usimwambie mtu wa jimu mumeo yuko wapi na nyumba yako hubaki tupu saa ngapi. Ukiona kitu kigeni kwenye ufunguo wako, usifute. Uliza, piga kelele, badilisha kitasa siku hiyo hiyo.

Na mgonjwa wako asiyeweza kusema akikataa mkono wa mtu, tafadhali, usimkemee. Mtoe huyo mtu nje kwanza.