Oili Chini ya Pikipiki ya Mwoka Mikate

"Imevuja tena?"

"Imevuja."

"Sili nimeibadilisha mara mbili kwa mkono wangu! Unaifanya nini pikipiki hii, wewe?"

Mwoka mikate alisimama, helmeti kwapani, unga umemganda kwenye nyusi. Chini ya pikipiki kuukuu aliyoachiwa na marehemu mama yake, oili iliipita sili, ule mpira wa kuizuia isitoke, ikadondoka sakafuni: to, to, to.

Fundi wa gereji hiyo, wanangu, ni binti wa watu, mikono myeusi kwa grisi. Alikuwa mchumba wake mpaka juzi, pale baba wa binti, mwenye gereji, aliposema mbele ya wateja:

"Mwanangu, sili mpya haivuji hivihivi. Huyu kijana anaiharibu makusudi, apate sababu ya kuja kukukodolea macho."

Wateja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti akavua pete, akaifunga kwenye karatasi ya mkate, akairudisha kwa mwenyewe.

Asubuhi hii ikaingia meseji ya kijana: "Inavuja tena. Najua hunitaki. Itazame mara moja tu."

Akajibu: "Ilete. Nataka kujua ukweli, sikutaki wewe."

Sasa akakunja mikono ya ovaroli.

"Nikikuta umeiharibu, usikanyage tena hapa."

"Na ukikuta sikuiharibu?"

"Shika kitambaa, futa!"

Wakaiosha injini kwa dizeli, wakaikausha kila pembe. Kisha binti akatoa kopo la poda ya mtoto, akainyunyizia injini yote.

"Poda? Kwani inakwenda harusini?"

"Funga mdomo. Oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma. Inapodondokea siko inakotoka. Poda itanionyesha inakoanzia."

Akaipiga teke, ikawaka. Akazunguka nayo mitaa kadhaa, akarudi, akapiga magoti. Poda yote ilikuwa kavu, ila pale mnyororo unapoanzia, mchirizi mweusi ulikuwa unatoka kwenye sili ileile.

"Haijachanika," akanong'ona. "Imesukumwa. Kuna kitu ndani kinaisukuma itoke."

Kidole chake kikaufuata mpira mwembamba unaotoka juu ya injini kwenda chini ya kiti, ule ambao injini hupumulia. Mwishoni kikagota. Akachukua koleo, akavuta. Pfuuu! Injini ikashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Kwenye koleo palikuwa na kijiti kilichochongwa vizuri.

"Hiki nini?"

"Kipande cha mpini wa mwiko wangu."

"Nani kakiweka?"

"Mimi."

"Nilisema mimi!" baba mtu akadakia kutoka mlangoni. "Si nilisema?"

Macho ya binti yakajaa machozi.

"Toka."

"Nitatoka. Ila nisikilize kwanza. Siku niliyokuja kukuchukua nikakutambulishe kwetu, ulivaa gauni jeupe. Mpira huo ulikuwa unatema oili. Nikauziba, lisichafuke. Halafu nikasahau. Sikujua kama una kazi."

"Ungeniuliza!"

"Nimwambie fundi kwamba mimi, mtu wa maandazi, nimetia mkono kwenye injini? Ungenicheka."

"Ningekucheka mpaka nichoke, yangeisha! Wewe jambo unalimeza tu. Mbele ya baba nako ulimeza. Watu wananicheka, umesimama kama gunia la unga!"

"Niliogopa."

"Usiniogope mimi. Niambie!"

Baba mtu akakichukua kijiti, akakinusa, akakohoa.

"Kinanukia mkate," akasema taratibu. "Kijana, mimi nimekutia ubaya mbele za watu. Nitauondoa mbele yao haohao."

Binti hakungoja. Akafunga sili mpya, akausafisha mpira, akauongezea urefu ili mdomo uelekee chini nyuma, mbali na tairi na mbali na gauni la mtu. Wakazunguka nayo tena, safari hii wawili. Waliporudi, mwoka mikate akatoa ile karatasi mfukoni, akaitoa pete, akaitandika karatasi chini ya injini.

Wakangoja. Jua likahama dirisha. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Kitendawili," binti akasema, bado anaitazama.

"Tega."

"Nimemziba mdomo, akalilia kisiginoni."

Kijana akaitupia pikipiki jicho, akabana kicheko.

"Nimeshindwa."

"Mwongo! Unajua kabisa! Haya, nipe mji."

"Chukua wowote. Ila na mimi nikae humohumo."

"Umeanza kusema sasa, eh?"

"Ndiyo nimeanza. Lete kidole."

"Ngoja ninawe, nina grisi."

"Usinawe."

Siku ya harusi bibi arusi alikuja amekaa nyuma ya pikipiki ile, gauni jeupe pepepe. Kila ilipoegeshwa, baba mtu, na suti yake mpya, aliinama kuchungulia chini.

"Pakavu!" akawapigia kelele wateja wake, ambao wote walialikwa. "Njooni muone wenyewe, pakavu!"