Kipande cha Sikio Kwenye Friza

Kila Jumamosi, mama akienda sokoni, mimi na mdogo wangu Esteria, wa miaka sita, hubaki nyumbani Kawajense tukifunga barafu za ubuyu na kuzipanga ndani ya friza. Jumamosi moja upepo uling'oa bati la banda la kuku. Lilimpitia Esteria kichwani, likamkata ncha ya sikio, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Jirani yetu, Mama Athanasie, alikuja mbio akamfunga jeraha kwa khanga.

"Kija, kizungushie kipande kitambaa safi, tia kwenye mfuko, mfuko uweke kwenye maji ya barafu. Twende nacho hospitali."

"Nyie hamjui," nilimjibu. "Sisi tumefundishwa shuleni. Gegedu, hii sehemu ngumu ya sikio, hugandishwa kwa baridi kali, likakaa hata miaka, halafu likapandikizwa."

Hakubishana nami, maana mtoto alikuwa anavuja damu. Aliita bodaboda, nami nikakitupa kipande ndani ya friza kama tufanyavyo nyama, nikapanda nao kichwa kikiwa kimenivimba kwa majivuno.

Hospitalini, Daktari Respicius alipouliza kipande kiko wapi, nilijibu kwa maringo kwamba nimekihifadhi. Akanituma nikilete upesi. Nilirudi nacho kigumu kama kokoto.

"Hiki kimekufa," alisema. "Kingekuja kibichi, chenye ubaridi tu, ningejaribu kukishona."

"Lakini mwalimu alisema..."

"Alisema nini kuhusu kabla ya kugandisha?"

Nusu ya somo lile nilikuwa napiga soga dawati la nyuma.

"Gegedu huloweshwa kwanza kwenye dawa maalumu, barafu isije ikalipasua kwa ndani. Tena ile baridi si ya friza ya ubuyu. Ina mitambo yake na wataalamu wake, na hapa hatuna."

Jeraha alilishona vizuri. Ncha ya sikio ilitupwa.

Jioni nilimweleza mama yote, hata jibu nililompa jirani. Hakunipiga, na nilitamani anipige. Alitupeleka kwa Mama Athanasie, nikaomba radhi, nikashindwa kumtazama usoni.

"Ulijua nusu, Kija, ukamnyamazisha aliyekuwa anakusaidia," mama alisema. "Siku nyingine usipokuwa na uhakika, sema hujui, uulize."

Esteria alishika bandeji yake. "Mama, sikio langu litaota lini?"

Mama alinigeukia. "Mjibu wewe."

Nilimpigia magoti mdogo wangu, nikamwambia halitaota.