Usingizi wa Zabdai

Zamani zile Warumi walipotawala Misri, kule kusini jangwani palikuwa na ngome, na ndani yake mpiga mishale aitwaye Zabdai, mtu wa Tadmuri, mji wa Shamu. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano ya jeshi, na sheria ilisema atimizaye hupewa bamba la shaba, yeye na wanawe wakawa raia wa Rumi.

Lakini mchwa hawajui sheria. Gombo lililoandikwa utumishi wake wa miaka kumi ya mwanzo walikuwa wamelila lote.

"Hapa una miaka kumi na mitano," alisema amiri wa ngome. "Bado kumi."

"Mkuu, tazama mguu huu. Kumi nitaifikisha?"

"Mguu hauandiki tarehe. Leta maandishi."

Wenzake wa siku zile walishakufa. Akaenda na mkewe, Taesi, kwenye jaa la ngome, maana makarani waliandika zamu za ulinzi kwenye vigae vya mitungi, kisha wakavitupa. Wakachimbua siku tatu, majivu na mifupa ya punda.

Siku ya tatu Taesi akapangusa kigae kwa upindo wa nguo. "Baba Marta! Si jina lako hili?"

Zabdai akasoma, akakigeuza kifudifudi.

"Sema basi!"

"Ni mwaka wangu wa kwanza. 'Zabdai amekutwa amelala lindoni.'"

Taesi akaketi majivuni. Aliyelala lindoni hupigwa marungu na wenzake hadi afe. Karani wa siku ile alimhurumia tu, hakukipeleka kigae kwa mkuu.

"Kifukie, mume wangu. Heri mzee jeshini kuliko maiti."

"Na binti yetu Marta abaki hana kwao?"

Taesi akainuka, akakung'uta majivu.

Amiri alikisoma kigae mara mbili. "Unajua ulicholeta?"

"Najua, mkuu. Ila asiyekuwa askari hakutwi amelala lindoni."

"Lo, na bado anapiga miayo!" akasema askari mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

Amiri hakucheka. "Usiku ule adui hakuja. Viboko arobaini, kisha shaba."

Zabdai akavua kanzu mwenyewe.

Bamba lile lilipita kwa Marta, likapita kwa wanawe, mwishowe likayeyushwa likawa vikuku. Kigae kilitupwa tena jaani. Vita vyote alivyopigana Zabdai, mchanga haukuweka hata kimoja. Uliweka usingizi wake.